Acheni Kuomba Vitabu vya Bure

Kuna neno moja ambalo mwandishi wa vitabu vya kazi za mikono analisikia kila juma, nalo husemwa kwa kucheka: "Mwandishi, nipe kimoja tu, mimi si ndugu yako?" Muuza mikate halisikii mara nyingi hivyo. Fundi wa viatu akiambiwa hivyo hujibu palepale, na watu huona amejibu vema. Bali mtu aliyeandika namna ya kupika sabuni, namna ya kufuga sungura au ya kukausha mboga, akitaja bei ya kitabu chake, watu huangaliana kana kwamba amewatukana wageni.

Neno hilo nataka kulipinga leo. Mimi ni mmoja wa waandishi hao, hapa Lubumbashi, kwa hiyo msiniulize kama nina upande. Ninao.

Kwanza tuelewane ni vitabu gani ninavyosema. Si vile vinavyotoka Ulaya vyenye jalada gumu, wala si vya shule. Ni vitabu vidogo vya kurasa 30, 40 au 60, vilivyofungwa kwa pini mbili za chuma, vyenye picha zilizochorwa na kijana wa jirani. Havina kampuni nyuma yake. Mwandishi ndiye aliyeijaribu kazi, ndiye aliyeiandika, ndiye aliyemlipa mwenye mtambo wa kuchapa, ndiye anayebeba vitabu katika mfuko kutoka soko la Kenya mpaka Katuba, na jioni ndiye anayehesabu vilivyobaki. Mkewe anaijua hesabu hiyo kuliko yeye.

Wenye elimu wengine hutucheka. Husema: "Hicho si kitabu, ni karatasi za mapishi." Kitabu kwao ni kile chenye mawazo makubwa na maneno magumu. Nawaomba watazame jambo moja la nchi yetu wenyewe. Mwaka wa 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango uitwao konzo. Mtu, mara nyingi mtoto au mama mwenye umri wa kuzaa, anashikwa ghafula: miguu inakakamaa, na haiponi tena. Baadaye wataalamu walitambua kwamba shina lake ni muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, hasa pale ambapo watu hawana chakula kingine cha kuwatia nguvu. Watu wa Kwango hawakukosa akili. Walijua tangu zamani kuloweka muhogo. Lakini njaa ilipobana, na magari ya wachuuzi yalipokuja kutafuta muhogo kwa ajili ya Kinshasa, siku tatu za majini zikawa mbili, hata moja.

Basi, karibu na mwaka wa 2011, katika kijiji cha Kay Kalenda, upande wa Popokabaka, akina mama walifundishwa njia moja iliyotungwa na Howard Bradbury, mtu wa kemia wa Australia. Unga wa muhogo unaloweshwa kwa maji kidogo, unatandazwa kwa tabaka nyembamba, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu unapikwa siku ileile. Sumu inaondoka na hewa. Mafundisho hayo yote yanaenea katika karatasi moja yenye picha, na katika muda wa majaribio hayo wagonjwa wapya hawakuonekana kijijini. Karatasi moja! Sasa mwenye elimu aniambie: hayo ni mawazo madogo?

Watu wengi wanafikiri kwamba mwandishi wa namna hii hukaa mezani na kuandika yale anayoyajua tayari. La, hasha. Kuandika ni sehemu ndogo ya kazi. Nitatoa mfano wa sabuni, kwa kuwa ndiyo ninayoijua zaidi. Katika kitabu cha sabuni kuna sentensi hii: "Tia soda kali ndani ya maji, usimwage maji juu ya soda." Mtu anaisoma kwa nukta chache. Lakini asiyeitii ataona soda ikichemka kwa joto lake yenyewe na kumrukia machoni. Kuna sentensi nyingine: "Usitumie sufuria ya aluminiumu." Soda inaila aluminiumu, na katika kuila inatoa hewa inayoweza kushika moto. Sasa nyumba zetu zina sufuria gani? Karibu zote ni za aluminiumu. Kwa hiyo haitoshi mwandishi kukataza. Imempasa kutafuta chombo ambacho mama wa kawaida anacho au anaweza kukipata, akijaribu kwa soda ya moto, kisha akiandike: ndoo ya plastiki nene, au chungu cha chuma kisichoshika kutu.

Tena kuna kipimo. Kwa kilo 5 za mafuta ya mawese nimeandika gramu 670 za soda kali. Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mafuta hayo yanaweza kula karibu gramu 700. Unapunguza kidogo ili soda yote iliwe na sabuni isichome ngozi. Hesabu hiyo iko katika vitabu vya wakemia, kweli, lakini wakemia hawakununua mafuta na soda katika soko la Kenya. Mwandishi lazima anunue kwa wauzaji watatu, apime, apike, amimine, akate, halafu angoje. Sabuni inataka majuma manne hivi kabla haijakauka vizuri na kupoteza ukali wake. Maana yake ni nini? Namba moja katika ukurasa mmoja imekula mwezi mzima, na makala, na mafuta, na mara nyingine uvumilivu wa majirani, maana harufu haipendezi.

Sungura ni vivyo hivyo. Jike hubeba mimba siku 31 hivi. Kuandika hilo ni rahisi. Lakini kuandika namna ya kumtengenezea kiota, ni siku gani kukitia ndani ya kibanda, ni majani gani ya hapa petu yanayomvimbisha tumbo, hilo linataka mwaka mzima wa kufuga, na msimu wa mvua ndani yake.

Na kazi ikiisha kujaribiwa, bado lugha. Mimi nina desturi hii: nampa karatasi mtu asiyewahi kupika sabuni, kisha nasimama kando nikinyamaza. Pale anaposimama na kunitazama, sentensi hiyo inaandikwa upya. Kunyamaza huko ni kazi ngumu kuliko zote.

Sasa tuhesabu feza, maana ndipo ugomvi ulipo. Tuseme mwandishi amechapisha vitabu 500, na kila kimoja kimemgharimu dola 1 na senti 20. Hiyo ni dola 600, na mwenye mtambo anataka nusu yake kabla hajagusa karatasi. Kitabu kinauzwa dola 2. Mwenye duka anabaki na senti 50, mwandishi anapata dola 1 na nusu. Vitabu 50 vinatolewa bure: kwa ndugu, kwa mkubwa wa mtaa, kwa mwalimu, kwa wale ambao huwezi kuwanyima. Vingine 50 vinalowa mvua, vinapotea, au vinakaa kwa mwenye duka asiyelipa. Vimebaki 400. Zidisha kwa dola 1 na nusu: ni dola 600. Mwandishi amefika palepale alipoanzia. Mafuta, soda, nauli ya teksibasi na mwaka wa kazi havimo katika hesabu hiyo.

Juu ya wenye maduka nitasema machache tu. Wengine ni waaminifu kabisa. Lakini kuna desturi mbaya ya kupokea vitabu kwa kulipa baada ya kuuza, halafu kuuza na kutolipa. Unakwenda mara ya kwanza: "Bwana hayuko." Mara ya pili: "Vimeisha, lakini daftari limefungwa." Mara ya tatu unaona kitabu chako kimefungia karanga.

Twende kwa adui mkubwa zaidi, naye ni mashini ya fotokopi. Nimeona kwa macho yangu nakala ya kitabu changu ambayo ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Mama aliyekuwa nayo alikuwa mtu mwema, aliyependa kuwapatia wanawe kazi. Katika ukurasa wa vipimo wino ulikuwa umefifia na kupaka, na ile 6 ya gramu 670 ilisomeka kama 8. Wasomaji wapendwa, hesabuni pamoja nami. Gramu 870 ndani ya kilo 5 za mawese! Mafuta yanakula karibu 700. Zaidi ya gramu 150 za soda kali zinabaki bila kazi ndani ya sabuni, zikingojea ngozi ya mtoto atakayeogeshwa nayo. Kwa bahati mama yule alikuja kuuliza kabla ya kupika. Nani ajuaye wangapi hawakuja?

Hapa ndipo wanaopenda vya bure hawataki kutazama. Wanafikiri shauri letu ni la feza tu, kwamba mwandishi analilia dola yake. Ndiyo, nalilia dola yangu, sioni haya. Lakini kitabu cha kazi si kama wimbo, kwamba ukikiimba vibaya watu watacheka yaishe. Kila nakala iliyouzwa na mwandishi ina njia ya kumrudia. Anayejua aliinunua wapi anajua pa kuuliza. Nakala ya wizi haina baba. Namba yake ikiharibika, hakuna wa kuitengeneza. Inakwenda hivyohivyo, Likasi, Kolwezi, Kalemie, ikiwa na jina langu juu yake.

Sheria iko. Ordonansi-loi nambari 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa nne mwaka wa 1986 inalinda haki za mwandishi juu ya kazi yake katika nchi yetu. Lakini nani atampeleka mwenye mashini mahakamani kwa ajili ya kitabu cha dola 2? Avokati peke yake atavila vitabu vyote 500 kabla kesi haijaanza. Kwa hiyo simwandikii hakimu, nawaandikia ninyi.

Wala tusifikiri kwamba taabu hii ni ya Waafrika tu, au ya siku hizi. Uingereza alikuwako mtu mmoja, William Cobbett, aliyezaliwa mwaka wa 1763 huko Farnham, mtoto wa mkulima. Sarufi ya lugha yake alijifunza mwenyewe alipokuwa askari wa kawaida, bila mwalimu. Mwaka wa 1810 alitiwa gerezani la Newgate, London, miaka 2, na kutozwa pauni 1,000, kwa sababu aliandika kupinga askari kuchapwa viboko. Baadaye, mwaka wa 1818, akatoa kitabu cha sarufi kwa ajili ya askari, mabaharia, wanagenzi na vijana wa jembe. Mwaka wa 1821 akaanza kutoa, kidogo kidogo, kitabu cha uchumi wa nyumba ya mfanyakazi: namna ya kupika pombe ya nyumbani, kuoka mkate, kufuga ng'ombe, nguruwe na nyuki. Alikuwa mwandishi na mtangazaji wa vitabu vyake mwenyewe. Alikuwa na ukali wake pia: alichukia viazi na chai, jambo ambalo mimi sitamfuata. Lakini tazameni hili: hakumgawia mfanyakazi karatasi za bure kama mtu anayetupia kuku mahindi. Alimuuzia, sehemu moja moja, kwa bei ambayo mfanyakazi aliweza kuilipa, naye mfanyakazi alinunua.

Hapa najua mmoja atasimama na kunijibu: "Na David Werner je?" Ni jibu zuri, nalo linastahili kusikilizwa. Werner, Mmarekani, aliishi na watu wa milimani huko Meksiko tangu miaka ya 1960, katika kijiji cha Ajoya na vijiji jirani, akawaandikia kitabu cha kujitibu mahali ambapo hakuna daktari. Kilitoka kwa Kihispania mwaka wa 1973 na kwa Kiingereza mwaka wa 1977, kikatafsiriwa katika lugha nyingi sana, Kiswahili kimojawapo. Naye aliruhusu watu wanakili kurasa zake, mradi zitolewe bure au kwa gharama tu, bila faida. "Basi," wanasema, "mbona wewe una roho ngumu?"

Nawajibu hivi. Werner alitoa kilicho chake, hakunyang'anywa. Aliweka masharti, na waliotaka kukibadilisha au kukitafsiri waliombwa kwanza wawaandikie wenye kitabu, ili maarifa yasipotee njiani. Tena nyuma yake kulikuwa na shirika, Hesperian, na watu waliotoa misaada ili kazi iendelee. Na yule Bradbury wa muhogo alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Hao waliweza kutoa karatasi bure kwa sababu mkate wao ulitoka mahali pengine. Mimi mkate wangu unatoka katika kitabu hicho. Anayetaka niandike kama Werner, anitafutie kwanza shirika kama lake, nami nitaandika juu ya jalada kwa herufi kubwa: NAKILINI WOTE.

Na tukitaja mashirika, loo! Hapo moyo unachemka kama soda. Kila mwaka yanakuja na semina za "kujitegemea". Ukumbi unakodiwa. Mfundishaji analipwa posho ya siku. Dereva analipwa. Katika hesabu yao kuna mstari wa mafuta ya gari, mstari wa maji ya chupa, mstari wa kalamu na kofia zenye alama ya shirika. Mstari wa kitabu haumo. Siku mbili kabla ya semina anakuja kijana mwenye adabu na kuniambia: "Baba, tunaomba kimoja tu tukisome." Kisha nakutana na kitabu changu kikiwa kimevaa jalada jingine na alama yao, na mahali pa jina langu pameandikwa "Moduli 3". Hili limenipata, na shirika silitaji. Lakini naliuliza: mnamfundisha mama kujitegemea kwa kazi ya mikono, na papo hapo mnamwonyesha kwamba kazi ya kichwa na mikono ya mtu mwingine huchukuliwa bure. Atajifunza lipi kati ya hayo mawili?

Hata vikundi vyetu vya parokia havikosi lawama. Tunasema, "Ni kwa ajili ya maskini," na tunafikiri neno hilo linafungua kila mlango. Mimi sikatai kutoa. Kati ya vile vitabu 50 vya bure, vingi vimekwenda huko huko, na vitaendelea kwenda. Lakini kutoa ni kwa mwenye mali. Kikundi kikipiga nakala 40 bila kuuliza, hakikutoa sadaka. Kimetoa sadaka ya mfuko wangu. Na mwandishi mwenyewe, mmemtazama viatu? Yeye naye yumo katika hao maskini.

Sitaki kuonekana mtu asiyejua hali ya watu. Najua dola 2 ni chakula cha siku katika nyumba nyingi. Kwa hiyo nasema wazi yale nisiyoyapinga. Akina mama watano wakichanga na kununua kimoja, na kukizungusha nyumba kwa nyumba mpaka kichakae, mimi nafurahi. Parokia ikinunua vitatu na kuviweka mahali pa kusomea, nafurahi zaidi. Mtu akinakili ukurasa kwa mkono wake katika kaye yake, simdai hata franka moja: anayeandika kwa mkono anaitazama kila namba, na akiona tarakimu isiyosomeka anauliza. Ninachopinga ni mashini ile inayotoa nakala 100 kwa saa moja na mtu anayeziuza pembeni ya soko kwa nusu ya bei, bila kujua kama sabuni inapikwa au inapandwa.

Wengine huniuliza kwa nini sinyamazi na kutafuta kazi nyingine. Nimetumika kazi nyingine. Lakini vitabu hivi visipoandikwa na sisi tunaojua mawese ya hapa, muhogo wa hapa na sufuria za hapa, vitaandikwa na mtu wa mbali atakayemwambia mama wa Katuba atumie mafuta ya zeituni.

Neno la mwisho ni la kazi tu. Toleo la pili la kitabu cha sabuni limekwisha kutoka. Lina ukurasa mmoja zaidi, juu ya soda iliyokaa wazi sokoni ikavuta unyevu, ambayo gramu zake hazina tena nguvu zilezile: namna ya kuitambua kwa macho, na kwa nini ni afadhali kununua ile iliyo katika mfuko uliofungwa. Habari hiyo niliiletewa na mama mmoja aliyenunua toleo la kwanza, aliyeona soda ya muuzaji wake inashikana kama chumvi ya masika. Tukapima pamoja kwa majuma kadhaa. Aliye na toleo la kwanza, lililo na pini zake mbili, alilete. Nitamtilia ukurasa huo ndani bila malipo.